Mchumia juani: wanariadha wa milima ya chai na kivuli wanachostahili

Sisi watu wa pwani tunaijua Kericho kwa kikombe. Chai ya maziwa tunayoteremshia mahamri na mbaazi asubuhi, majani yake mengi yamechumwa kule juu, yakasagwa na kukaushwa kiwandani, kisha yakapakiwa kwenye malori hadi maghala ya Shimanzi na Changamwe. Tangu mwaka 1969, mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi, majani hayo hupigiwa bei hapa hapa Mombasa kabla ya kupanda meli kwenda Pakistan, Misri na Uingereza. Kwa hivyo Kericho na Bomet si ugenini kwetu. Riziki yao hupita mlangoni petu kila wiki.

Lakini milima ile ina zao jingine ambalo halipiti kwenye mnada wetu. Zao hilo ni watu wanaokimbia. Medali ya kwanza ya Olimpiki ambayo Kenya iliwahi kupata ilitoka Kericho. Mwanamke wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, na wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, ni mtu mmoja, naye pia anatoka Kericho. Kati ya hao wawili kuna zaidi ya miaka 60 na majina mengi, mengine ya furaha na mengine ya kuhuzunisha.

Wahenga wetu walisema mchumia juani hulia kivulini. Leo nataka tuwapime wanariadha hawa kwa methali hiyo. Kuchuma juani wamechuma, hilo halina ubishi. Swali langu ni kuhusu kivuli: nani alikipata, kilijengwa na nani, na nani alikufa akikitafuta.

Nchi ya juu na watu wake

Kwanza tuielewe nchi yenyewe. Kericho na Bomet ni kaunti mbili za Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, upande wa magharibi wa Bonde la Ufa. Zamani zote zilikuwa wilaya moja ya Kericho, mpaka Bomet ilipotengwa mwaka 1992. Ndiyo maana ukisoma kumbukumbu za wanariadha waliozaliwa kabla ya mwaka huo, utaona wa Sotik au wa Longisa ameandikwa kuwa ni mzaliwa wa Kericho. Hakuna aliyekosea. Mipaka ndiyo iliyosogea.

Mashamba makubwa ya chai yalianza kule miaka ya 1920, makampuni ya Kiingereza yalipokuja na kupewa ardhi na serikali ya kikoloni. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulitungiwa sheria maalumu mwaka 1934, ukahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Madai ya ardhi ile yangali hai hadi leo. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi, maana suala la nani ana hati na nani ni maskwota tumelelewa nalo.

Mji wa Kericho uko mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Londiani iko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi na kila pumzi huwa na oksijeni kidogo kuliko pumzi ya Likoni. Mwili hukabiliana na uhaba huo. Figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, kwa kifupi EPO, nayo huuamrisha uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Mtu aliyezaliwa na kufanya mazoezi kule, akiteremka kukimbia mahali pa chini, huwa amebeba akiba ambayo mwenzake hana. Likumbuke jina hilo la EPO, tutakutana nalo tena mbele.

Hata hivyo urefu wa mlima peke yake haumfanyi mtu kuwa bingwa. Duniani kuna mamilioni ya watu wanaoishi juu kuliko Kericho na hawajawahi kutoa mkimbiaji wa kutajwa. Kinachoongezeka pale ni mpango ambao watu wameujenga kwa miaka mingi: mashindano ya shule, mbio za nyika za wilaya hadi taifa, kambi za mazoezi vijijini, kisha jeshi, polisi na magereza, ambao huwaajiri wanariadha na kuwapa nafasi ya kufanya mazoezi. Kinachoongezeka pia ni haja. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Mkulima mdogo hulipwa kidogo kila mwezi, kisha hungoja bonasi ya mwaka ambayo huja ikiwa nono au ikiwa imekonda. Na sasa katika mashamba makubwa mashine za kuchumia zimechukua kazi za watu wengi. Kijana anayetazama hayo yote, akaona jirani yake amejenga nyumba ya mawe kwa miguu yake, hahitaji kuhubiriwa.

Wachuma chai hufundishwa kuchukua majani mawili na chipukizi, yaani kile kichwa kichanga cha katikati. Lugha yetu imemwita mwanariadha mchanga kwa neno lilo hilo, chipukizi. Anayeujua mchai anajua kwamba ukilichuma vibaya unaweza kuuharibu mti mzima.

Mzee Kiprugut Chuma

Wilson Kiprugut Chuma alizaliwa Kericho mwaka 1938. Kwa Wakipsigis jina humweleza mtoto alizaliwa wakati gani, na Kiprugut ni mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa njaa. Mswahili akilisikia jina la Chuma hupata picha mbili kwa pamoja, ile ya madini magumu na ile ya kazi ya kuchuma. Zote mbili zilimfaa.

Alikuwa mwanajeshi, na mbio zake zilikuwa mita 800, mizunguko miwili ya uwanja. Ni mbio ngumu kwa sababu hazikuruhusu kukimbia kwa kasi yote tangu mwanzo, wala hazikupi muda wa kujipanga. Oktoba 1964 alikwenda Tokyo katika kikosi cha Kenya, nchi ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu kupata uhuru.

Hapa pwani inaingia katika hadithi. Aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa michezo ile alikuwa Seraphino Antao, Mgoa, mzaliwa wa Mombasa. Miaka miwili kabla, kule Perth, Australia, Antao alikuwa ameshinda dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, katika yadi 100 na yadi 220. Ndiye mtu aliyetarajiwa. Tokyo haikumwendea vizuri, akarudi bila medali. Mwenzake wa Kericho ndiye aliyefika fainali ya mita 800, akamaliza wa tatu nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Ilikuwa shaba, na ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Kijana wa bandarini aliibeba bendera na kijana wa milima ya chai akailetea medali. Sijui kwa nini picha hiyo haimo katika kila kitabu cha darasa la nne.

Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville, Kiprugut alishinda mita 400 na mita 800. Mwaka 1966 alipata fedha ya Jumuiya ya Madola kule Kingston, Jamaika. Mwaka 1968 kule Mexico City aliongoza fainali ya mita 800 tangu mwanzo, na alipitwa karibu na utepe na Ralph Doubell wa Australia, ambaye alilazimika kuifikia rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 44.3 ili amshinde. Kiprugut alitumia 1:44.5. Hiyo ilikuwa michezo ambayo Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino walileta dhahabu, na dunia ikaanza kuiita Kenya nchi ya wakimbiaji. Njia ilikuwa imefunguliwa miaka minne kabla.

Sasa tuzungumzie malipo. Enzi hizo sheria za riadha zilikuwa za ridhaa. Mwanariadha aliyepokea pesa kwa kukimbia alifungiwa. Bingwa alirudi nyumbani na medali, mkono wa rais na picha gazetini. Kivuli cha Kiprugut kilikuwa jeshi: mshahara wa kila mwezi na kazi inayojulikana ina mwanzo na mwisho. Hakikuwa kivuli kikubwa, lakini kilikuwepo kabla ya medali na kiliendelea kuwepo baada yake. Aliishi hadi kuwa mzee wa miaka 84, akafariki huko huko Kericho tarehe 1 Novemba 2022. Mwaka mmoja baadaye sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika Kericho. Mgeni rasmi walimpata, lakini shujaa wao mkubwa alikuwa tayari yuko kaburini.

Barabara ilipoanza kulipa

Mwaka 1982 shirikisho la riadha la dunia lililegeza kamba. Wanariadha wakaruhusiwa kupata pesa kupitia mfuko wa amana, na miaka ilivyokwenda uficho wote ukaondoka. Mbio za marathoni za miji mikubwa ndizo zilizofaidika kwanza, kwa sababu zilikuwa na wadhamini na watazamaji barabarani. Mwanariadha akaweza kulipwa kwa kukubali kuja, akalipwa kwa nafasi aliyomaliza, na akalipwa tena kwa muda aliotumia.

Bi Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho mwaka 1970, ni mtoto wa zama hizo. Mwaka 1997 alishinda marathoni ya London kwa tofauti ya sekunde moja tu dhidi ya Liz McColgan wa Uskoti. Hebu fikiria kukimbia kilomita 42 kwa zaidi ya saa mbili, kisha riziki yako iamuliwe na sekunde moja. Akashinda tena London mwaka 1999, Chicago mwaka 1998 na 1999, na New York mwaka 2002. Katikati ya hayo, Sydney mwaka 2000, alipata shaba na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya Olimpiki katika marathoni.

Urithi wake kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko orodha hiyo. Kabla ya kizazi chake, msichana wa kijijini aliyekuwa na mbio alikimbia mpaka aolewe, basi. Chepchumba na wenzake walionyesha kwamba mwanamke anaweza kukimbia akiwa na miaka 30, akalipwa kwa jina lake, na kijiji kikamheshimu. Waliofuata walipita mlango uliokuwa wazi. Mercy Cherono wa upande wa Sotik, Bomet, alipata fedha ya dunia katika mita 5,000 mwaka 2013 na dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014. Emily Chebet, naye mzaliwa wa Bomet, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2010 na 2013. Kwa upande wa wanaume, Paul Kipsiele Koech kutoka Bureti alipata shaba ya Olimpiki mwaka 2004 katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo Wakenya watatu walimaliza nafasi zote tatu za mbele.

Pesa za barabarani zilikuja na mzigo wake. Hazina pensheni. Kuna wakala anayechukua sehemu yake, kuna kodi ya nchi unayokimbia na kodi ya nyumbani, kuna mkufunzi, kuna wapiga kasi, na kuna jamaa. Ukivunjika mguu, mapato hukatika siku hiyo hiyo. Ni kama mkulima wa chai anayeishi kwa bonasi peke yake bila malipo ya kila mwezi. Mwaka mzuri hununua shamba, na mwaka mbaya huliuza.

Beatrice Chebet na Tokyo ya pili

Chebet ni jina la msichana aliyezaliwa mchana. Beatrice Chebet alizaliwa Machi 2000 na kukulia mbio zake katika kambi ya Lemotit, Londiani, Kericho. Njia yake inaonyesha vizuri jinsi mpango ule niliousema unavyofanya kazi ukikamilika.

Mwaka 2018 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 5,000 kule Tampere, Finland. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa vijana wa mbio za nyika. Hakuharakishwa. Mwaka 2022 alipata fedha ya dunia na dhahabu ya Jumuiya ya Madola, mwaka 2023 na 2024 akatwaa ubingwa wa dunia wa nyika wa watu wazima. Mei 2024 kule Eugene, Marekani, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54.14. Agosti ile, Paris, akashinda dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa ameshinda mita 10,000 za Olimpiki kabla yake. Julai 2025, Eugene tena, akakimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06.

Septemba 2025 mashindano ya dunia yakafanyika Tokyo, katika uwanja uliojengwa pale pale ulipokuwa uwanja wa michezo ya 1964. Chebet akashinda mita 10,000, na baada ya wiki moja akashinda mita 5,000. Mahali ambapo askari wa Kericho alipata shaba bila senti, binti wa Kericho alipata dhahabu mbili, na kila moja ilikuwa na zawadi ya dola 70,000 kutoka shirikisho la dunia. Kule Paris, kwa mara ya kwanza katika historia, shirikisho hilo lilikuwa limelipa dola 50,000 kwa kila dhahabu ya Olimpiki ya riadha. Serikali yetu nayo mwaka 2025 ilitangaza kuipandisha zawadi ya dhahabu hadi shilingi milioni 3.

Lakini angalia jambo moja. Pamoja na pesa zote hizo, Chebet ni afisa wa polisi. Ana mwajiri, kama Kiprugut alivyokuwa na jeshi. Ana kambi na mkufunzi wanaomjua tangu utotoni, na alipewa miaka ya kukomaa. Hicho ndicho kivuli ninachokizungumzia. Zawadi ni jua kali la mchana mmoja. Mti wa kukaa chini yake hupandwa mapema sana.

Kipyegon Bett, aliyekosa kivuli

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala hii.

Kipyegon Bett alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mbio zile zile za Mzee Kiprugut. Mwaka 2016, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana kule Bydgoszcz, Poland. Mwaka mmoja baadaye, London, akapata shaba ya dunia katikati ya wanaume wazima. Wapenzi wa riadha walianza kumtaja katika sentensi moja na David Rudisha.

Mwaka 2018 alikataa kutoa sampuli, kisha akapatikana na EPO. Hiyo ndiyo homoni ile niliyoieleza, ambayo mlima huwapa watu wa Kericho taratibu na bila malipo. Iliyotengenezwa maabara hudungwa kwa sindano ili mwili uongeze chembe nyekundu kwa haraka. Ni udanganyifu, na pia ni hatari, kwa sababu damu huwa nzito na moyo huelemewa. Bett alifungiwa miaka minne.

Adhabu ya miaka minne ina maana gani hasa? Mwanariadha aliyefungiwa haruhusiwi kushindana popote, wala kushiriki mazoezi yaliyoandaliwa na klabu au shirikisho. Wakala huondoka, kampuni ya viatu huondoka, kambi hufunga lango. Mtu aliyejifunza kazi moja tu tangu utotoni huambiwa akae nyumbani akiwa na miaka 20, na kijiji kizima kinajua sababu. Baada ya kifo chake jamaa zake walieleza kwamba aliingia katika msongo wa mawazo na ulevi. Tarehe 6 Oktoba 2024 alifariki katika hospitali ya Tenwek, Bomet, baada ya kuugua. Alikuwa na miaka 26.

Kiprugut alipopanda jukwaa la Tokyo mwaka 1964 alikuwa na umri huo huo.

Najua atakayesema: alijitakia mwenyewe. Ndiyo, alikosa, na adhabu ilimstahili. Bila adhabu, wale wanaokimbia kwa haki wataibiwa kila siku. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na dawa hizi mwaka 2016 na kuunda wakala wake, na kazi hiyo iendelee bila huruma kwa wanaozisambaza. Lakini dini yetu inatufundisha kwamba aliyekosa akaadhibiwa amelipa deni lake, na mlango wa kurudi haufungwi. Adhabu ilikuwa ya kutokukimbia. Hakuna hakimu aliyeamuru aachwe peke yake.

Na sisi wa pwani tusiwatazame watu wa milimani kwa jicho la kushangaa. Tumewazika vijana wangapi waliomalizwa na unga? Tulipowaona wakianza kusinzia barazani tuliwatenga, tukawaita majina, tukawafungia milango, kisha siku ya mazishi tukajaza uwanja na kusema alikuwa mtoto mzuri. Aibu ndiyo iliyotuzuia kuuliza mapema. Naamini aibu hiyo hiyo ndiyo inayowamaliza wanariadha waliofungiwa au waliostaafu bila kitu.

Kivuli kinajengwaje

Nikiyaweka maisha haya kando kwa kando, naona mambo manne ambayo si ya kubahatisha.

La kwanza ni kazi yenye mshahara. Jeshi, polisi na magereza wamefanya kwa riadha ya Kenya kazi kubwa kuliko zawadi yoyote. Lakini nafasi zao huenda kwa walioanza kung'ara. Kaunti za Kericho na Bomet, ambazo sasa zina bajeti zake, zinaweza kumfikia chipukizi kabla hajapata jina, kwa karo ya shule na mafunzo ya ufundi. Mkimbiaji ambaye pia ni fundi umeme haanguki kutoka juu sana.

La pili ni mkataba unaoeleweka. Kijana wa miaka 18 huwekewa mezani karatasi za Kiingereza cha mawakili na kuambiwa atie saini leo. Mtu wa tatu asiye na maslahi, awe mwalimu wake au wakili wa kaunti, aisome karatasi hiyo kwanza na kumweleza kwa lugha anayoielewa: wakala atachukua kiasi gani, kwa miaka mingapi, na akiumia itakuwaje.

La tatu ni ushauri nasaha, na uanze kabla ya msiba. Anayefungiwa apewe barua ya adhabu pamoja na jina la mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Anayestaafu vivyo hivyo. Kumpoteza mtu hai kwa sababu tumemkasirikia si kuupenda mchezo.

La nne ni kumbukumbu, na hapa pwani tuna deni letu. Antao alifariki London mwaka 2011. Nimewauliza vijana kadhaa wa mtaani kwetu aliyebeba bendera ya Kenya mwaka 1964, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina lake. Kericho nao wana Kiprugut. Mtoto anayekimbia kwenda shule akipita mahali palipoandikwa jina la mtu wa kijiji chake hujifunza kwamba mbio zina kesho yake. Hilo haligharimu mamilioni. Linahitaji kibao, mwalimu na dakika kumi za hadithi kabla ya somo la mazoezi.

Tumefundishwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Jasho la Mzee Kiprugut lilikauka zamani. La Bett lilikauka mapema mno. La Chebet lingali mbichi, na nyuma yake, asubuhi hii hii, kuna wasichana na wavulana wanaokimbia pembeni mwa mashamba ya chai ya Londiani, Sotik na Longisa ambao hatujui majina yao bado. Kwa hao tungali na muda wa kupanda mti.